Jinsi Nilivyomzuia Carmel Asiende Goma

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Ukungu umeficha ziwa lote. Afadhali. Ziwa nisiloliona haliniogopeshi sana.

Komite ya Swala wa Muhumba, timu yetu ya mpira wa kikapu, imekaa sebuleni kwa Papa Polycarpe, rais wetu. Mimi, katibu, nimefika wa kwanza, na kalamu mbili. Ajenda ilikuwa na neno moja: urefu. Tumepoteza fainali tatu mfululizo kwa sababu hatuna pivo, yule mchezaji mrefu wa kusimama chini ya kikapu. Wasichana wetu watano wanacheza pamoja tangu shule ya msingi. Wanapasiana mpira bila kutazamana. Lakini wakipanga mstari kwa picha, ni kwaya ya watoto.

Papa Polycarpe akasema timu ya Goma ina pivo wa ziada. Mita moja na tisini! Wako tayari kumtoa, wanataka mtu mmoja tu badala yake. Akanywa chai. Akasema: Carmel.

Kalamu imeniponyoka.

Carmel ndiye anayeongoza mchezo wetu wote. Pia ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu ana miaka mitano, sasa ana ishirini, na nyumbani tuko wawili tu. Kila jioni tunasukuma kabati mpaka mlangoni, yeye upande huu, mimi upande ule. Siku hizi kila mtu katika mji huu ana namna yake ya kufunga mlango. Peke yangu kabati halisogei hata upana wa kidole. Nimeshajaribu.

Kocha Yannick amepinga, na kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona kwake. Huyu ni kijana anayeomba ruhusa hata ya kukohoa! Alisimama. Akasema wale watano wasivunjwe, wapewe miaka miwili, watachukua kila kombe. Papa Polycarpe akaruka: «Myaka mbili! Mu myaka mbili bote batakuwa banaolewa, tutabakia na ballon tu!» Watu wakauchekea huo mpira bila wachezaji. Mimi sikucheka.

Uamuzi ni Jumatatu ijayo.

Hofu za usiku huu: boti ya kwenda Goma. Mlango. Volkano ya Goma. Tena boti.

Jumanne, 7 Oktoba

Jua kali. Nimepata wazo wakati napiga mswaki. Tukipata pivo hapahapa Bukavu, hakuna haja ya Goma!

Nimekwenda kwenye duka la vitenge la Papa Usman. Ni mfanyabiashara mkubwa, familia ya Uvira, mababu zake walitoka pwani. Ana nyusi ambazo zikikutana unasahau ulichokuja kununua. Ila ana binti, Asumini, miaka kumi na tisa. Mbele ya macho yangu ameshusha kitenge kutoka rafu ya juu kabisa, bila ngazi. Bila hata kunyoosha kiwiko! Nimetetemeka kwa furaha.

Papa Usman akaniuliza nataka nini. Nyusi zikakutana. Nimenunua vifungo.

Nikafikiri njia nzima ya kurudi. Huwezi kumwomba mtu mkubwa mtoto wake hivihivi, umesimama, mikono mitupu. Unahitaji ujumbe, na mdomo wa kusema. Nikaenda kwa jirani, Papa Venant, anayezisemea familia wakati wa posa katika wilaya yetu nzima ya Ibanda. Hakuna baba aliyewahi kumkatalia. Nikamwambia kuna binti kwa Papa Usman, tunamtaka kwetu, yeye aseme tu kama anavyojua. Sikuongeza neno. Papa Venant hunywa bia na Papa Polycarpe, na rais akijua mpango wangu atapiga simu Goma usiku huohuo.

Papa Venant hakuuliza swali hata moja. Fundi wa kweli.

Jumatano, 8 Oktoba

Mawingu, upepo kutoka ziwani.

Tumekwenda watatu: Papa Venant, mimi, na Yannick ili aeleze habari za mazoezi. Nilimwambia avae vizuri. Alivaa koti lake pekee, lile la kupigia kinanda parokiani. Tulibeba kasiye mbili zilizojaa chupa za soda na mfuko wa sukari. Papa Usman alitupokea kwa heshima, akaita ndugu zake wawili. Wote wana nyusi zilezile.

Papa Venant akasimama. Sauti kama redio. «Papa Usman, kwetu ndama jike alipotea. Tukafuata nyayo. Nyayo zilipita geti, ziliingia mu lupango yako, hazijatoka.»

Nilistaajabu. Kumbe mpira wa kikapu unaweza kuelezwa kwa uzuri namna hii!

Papa Usman akamtazama Yannick kuanzia viatu hadi nywele. Akauliza kama kijana mwenyewe ndiye huyu. Papa Venant akajibu ndiye. Nikatikisa kichwa: kocha, ndiyo, ndiye. Papa Usman akauliza kama kijana yuko tayari kusilimu. Papa Venant: «Hata leo jioni!»

Soda ilimtoka Yannick puani.

Hapo ndipo nilipoelewa. Tumekuja kuposa! Yannick akanitazama. Mimi nikatazama mkeka. Lakini ningefanya nini? Msemaji hakatizwi mbele ya wenyeji, hata akikosea. Ukimkatiza umeuaibisha upande wako wote, na kuanzia siku hiyo hakuna atakayekufungulia mlango. Yannick amelelewa vizuri, naye alinyamaza. Nyuma ya pazia shangazi mmoja akapiga kigelegele. Wakamnyamazisha.

Jibu ni Jumamosi.

Njiani Yannick alinisihi turudi tukaseme ukweli. Nilimwomba siku tatu tu. Nikamweleza kwa utaratibu: mchumba akimfundisha mchumba wake kucheza, nani atapinga? Tumeshapata pivo! Akasema kuna mtu mmoja ambaye habari hii haipaswi kabisa kumfikia. Nikamwambia awe na amani, hata mimi namficha Papa Polycarpe.

Aliinua kola ya koti, akatangulia. Ana mambo yake, huyu kijana.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua nyepesi. Ibanda nzima inajua! Shangazi wa kigelegele anasuka nywele za nusu ya mji.

Carmel alirudi kutoka chuoni mapema. Akaniuliza, akiwa bado mlangoni, kama ni kweli kocha anaoa. Nilitaka kumweleza. Kwa bahati mbaya mke wa Papa Venant alikuwa ameketi jikoni kwangu, ana masikio. Nikasema ndiyo, kweli kabisa, na sherehe itakuwa nzuri.

Carmel akafunga mlango. Akaniuliza tena, taratibu, kama nina hakika. Nikasema mimi mwenyewe nilikuwepo.

Hakula. Macho mekundu. Nimempa chai ya mchaichai na vidonge vya kichwa. Usiku kabati alilisukuma peke yake, mpaka likagonga ukuta na sahani zikalia ndani. Homa gani hii inayompa mtu nguvu hivyo? Baadaye nilimsikia akizungumza kwa simu, sauti ya chini. Nadhani ni masomo. Mitihani inakaribia.

Risasi mbili mbali sana, upande wa milimani. Au mlango wa gari. Nimechagua mlango wa gari.

Jumamosi, 11 Oktoba

Asubuhi safi, ziwa lote linaonekana. Dalili mbaya.

Nilikuwa nasubiri Papa Venant alete jibu. Badala yake geti likagongwa, na ni Papa Usman mwenyewe! Na Asumini nyuma yake, akiinama ili apite mlangoni. Nimewakaribisha viti. Nikakosa pa kuweka mikono.

Papa Usman akasema wazee walikubali. Walishaanza hata kuzungumzia mbuzi. Lakini binti amekataa, na anataka kusema mwenyewe. Asumini akasema, akitazama sakafu: «Maman, mi sitaki bwana. Mi nataka ballon.» Mwaka mzima anatazama mazoezi yetu kutoka juu ya nyumba yao. Alipomwona kocha akiingia kwao alishukuru Mungu, akajua wamekuja kumwita uwanjani. Kisha akasikia habari za ndama.

Papa Usman akakunjua kanzu magotini, polepole. «Maman Joviale. Mulikuja kutafuta nini kwangu?»

Nikasema: pivo.

Akauliza pivo ni kitu gani. Nikaeleza. Hofu ikinishika mimi hueleza sana. Nikasema msichana wa urefu ule ni adimu, timu zote za Kivu zinamtafuta, na Goma walitaka Carmel wetu, mchezaji bora wa mji huu, ili watoe mmoja tu wa aina hiyo. Nikaonyesha kwa mikono. Niliposema adimu, nyusi zikaanza kuachana. Akaniomba nirudie hapo. Nikarudia kwa moyo wote. Akauliza kama Goma wana uwanja wenye paa. Nikasema wanao, mzuri sana. Akasema ndugu yake ana duka kule, na nyumba ina chumba tupu.

Kisha akasema ningemwomba dukani siku ile ya vifungo, angenipa binti papo hapo, na soda juu. «Lakini muntu anaomba ngombe kumbe anataka ballon, kesho akiomba ballon, atakuwa anataka nini?»

Hakupiga kelele. Ametoka akitabasamu. Nimesamehewa! Mambo yamekwisha vizuri kuliko nilivyotegemea.

Jumapili, 12 Oktoba

Mawingu mazito. Hayajakwisha vizuri.

Baada ya misa Carmel aliniketisha. Akasema Alhamisi usiku alimpigia Papa Polycarpe, akaomba mwenyewe aachiliwe aende Goma, bila kungoja komite. Papa Polycarpe akamkubalia palepale, maana aliona kazi imekwisha na pivo anakuja. Lakini jana Goma wamepigiwa simu na Papa Usman. Sasa wanapata Carmel, wanapata Asumini, na pivo wao wa ziada hawamtoi tena. Kwa nini wamtoe, na Carmel ameshaachiliwa bure?

Nilishika meza. Nikamwambia haraka haraka asiende, yote ilikuwa makosa, Yannick haoi mtu, Papa Venant alizoea posa tu! Nilitegemea atacheka.

Akaniuliza nilijua tangu lini. Nikasema Jumatano, palepale kwa Papa Usman. Akauliza: na Alhamisi, nilipokuuliza mara mbili? Nikasema mke wa Papa Venant alikuwa jikoni. Carmel akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa hesabu ya mwisho, akaendelea kukunja nguo. Sikujua kuwa ana nguo chache hivyo.

Nikamwambia ukweli mmoja tu, wa kwanza wiki hii: naogopa kubaki peke yangu. Akasimama, akanikumbatia. Akasema anajua. Akasema alikuwa anakataa Goma tangu mwaka jana kwa sababu hiyo, na kwa sababu nyingine. Kisha akafunga sanduku.

Sababu nyingine ilifika saa kumi jioni, kwenye mvua, na koti la kinanda. Yannick! Nimewatazama dirishani, mwavuli mmoja, mazungumzo marefu. Niko nao uwanjani kila siku kwa miaka mitatu, naandika kila kitu, na hili sikuliona. Carmel aliporudi ndani alikuwa analia na kucheka. Bado anakwenda, ametoa neno lake kwa Goma. Yannick akitaka, sikukuu ya Noeli atume watu wa kumsemea. Mtu yeyote, ila asiwe Papa Venant.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mbingu safi, upepo mdogo, mawimbi kama kiganja. Nimeyapima kwa macho kuanzia saa kumi na mbili.

Boti imeondoka saa moja na nusu. Nimemwambia Carmel asivue jaketi la kujiokolea hata akilala, hata akishuka. Ameniahidi. Asumini alikuwa kando yake, kichwa juu ya abiria wote, na wanagawana mandazi. Boti haijafika hata kwenye mlango wa bandari, tayari wanacheka kama dada wawili. Walicheka nini? Nina wasiwasi walinicheka mimi. Papa Usman alinipungia mkono kwa adabu kubwa.

Saa nne, komite. Papa Polycarpe alipiga meza mpaka chai ikamwagika. Carmel hakuna! Pivo hakuna! Watano wamekuwa wanne, na wote wafupi! Nani aliyewafikisha Goma habari za yule msichana? Yannick alinitazama, akanyamaza tena, mtoto wa watu. Nikainua mkono. Nikapendekeza iundwe tume ya uchunguzi, na nikajitolea kuiongoza. Wote wamekubali. Wamenipigia makofi.

Kisha pigo jipya. Timu ya Uvira inamtaka Sagesse, mfungaji wetu.

Hapana. Hao wanne hawavunjwi! Nimefikiri tangu mchana na mpango huu ni mwepesi sana. Mama yake Sagesse nitamwambia kuna kambi ya mazoezi, msichana aje alale kwangu kwa muda. Chumba kipo. Na Uvira nitawapelekea habari kwamba anaolewa karibuni, maana hakuna timu inayotaka mchezaji wa kuolewa kesho. Ili waamini, anahitajika bwana harusi wa kuonekana tu, aliyevaa koti, siku mbili tatu. Yannick hana shughuli mpaka Noeli. Kesho asubuhi nitazungumza na Papa Venant. Safari hii nitamweleza kila kitu, isipokuwa sababu.

Kuna kitu kimeanguka juu ya mabati. Embe la jirani? Hawana mwembe. Nimewasha taa zote.

Saa kumi alfajiri. Sasa nalala.