Ngoma Iliyotoboka Sikioni Mwangu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Jumapili kwaya yetu ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka inaenda kuimba Nsungwi, Lilongwe. Solo: mi ao Zénon. Mathilde, mwalimu wa kwaya, ataamua Ijumaa. Zénon ana sauti, sikatai. Lakini mwimbaji ni masikio! Nikaamua kusafisha yangu mpaka ndani kabisa. Njiti ya kiberiti na pamba kidogo. Kazi ilikuwa inaenda vizuri. Halafu mke wangu Sabine akafungua mlango, ukanigonga kiwiko. Pah! Maumivu ya ajabu. Damu kidogo. Sikio la kushoto sasa ni kama limefunikwa kitambaa. Kosa la mlango.

Jumanne, 5 Agosti

Sikio linalia nziii. Nikipenga kamasi, hewa inatokea sikioni na mluzi. Kipaji kipya! Sabine anasema niende hospitali. Ya nini? Nimetia mafuta ya alizeti ya uvuguvugu. Kizunguzungu! Nimeangukia sufuria ya nsima, ugali wa huku. Sabine hasemi nami tena. Ao anasema, upande wa kushoto.

Ijumaa, 8 Agosti

Akili! Kwenye mazoezi nimemweka Zénon kushoto kwangu. Namsikia kama mtu aliye mbali kule Mponela. Nimeimba kwa amani, kwa nguvu. Mathilde amenipa solo. Anasema hajawahi kuniona najiamini hivi. Zénon kanuna.

Jumapili, 10 Agosti

Aibu. Kanisa limejaa, solo yangu moto! Katikati umeme ukakatika. Mathilde, kushoto kwangu, akanong'ona, "Ngojeni!" Mi nikasikia, "Ongezeni!" Nikaongeza. Kinanda kimya, kwaya kimya, mi peke yangu napanda juu. Mchungaji alikuwa ameshaanza kuomba. Batoto wakacheka, kisha na wazazi wao. Zénon akanishika mkono, akaniuliza kwenye sikio la kulia, polepole, kama naumwa. Huruma yake iliniuma kuliko kicheko. Karibu nilie.

Jumatatu, 11 Agosti

Hospitali, Lilongwe. Zénon amenisindikiza, ametafsiri. Daktari alichungulia kwa taa. Anasema ndani kuna ngozi nyembamba kama ya ngoma. Sauti inaipiga, inatikisika, inasukuma vifupa vidogo, njo tunasikia. Yangu iko na tobo, kwa hiyo haitikisiki sawasawa. Tobo likiwa kubwa, kusikia kunapungua zaidi. Matobo mengi hujifunga yenyewe baada ya majuma, mradi yasiingie maji, mafuta wala njiti. Aliuliza nani aliniambia nitie mafuta. Nikasema mganga mmoja wa Dzaleka. Si uongo kabisa, mi pia ni wa Dzaleka. Zénon alitafsiri bila kucheka. Alijitahidi.

Jumatano, 24 Septemba

Tobo limejifunga! Daktari amethibitisha. Nasikia hata Sabine akinung'unika jikoni. Solo sasa ni ya Zénon, kwa muda tu.

Tangu asubuhi jino linaniuma. Sabine anasema hospitali. Zénon pia. Bantu ba woga! Mwili huu mi naujua sasa, nje na ndani. Jirani yetu Gakiza, fundi baiskeli, iko na koleo nzuri sana.