Malalamiko Juu ya Msanifu Aliyeuliza Maswali Mengi

Zifta, Jumatano baada ya adhuhuri

Kwako kaka yangu mkubwa Haji Mitwali, mwenye kauli ya mwisho katika ukoo wetu, Iskandaria.

Assalamu alaykum. Nianze na watu kabla ya malalamiko, maana ndivyo marehemu mama alivyotulea. Baba Wagdi anakusalimu. Mgongo wake umetulia, ulimi bado. Mwanangu Wagdi anakusalimu na kukubusu mkono. Mchumba wake Nesma anakusalimu, na mama yake Nesma anakusalimu pia, ingawa huyo nimemwongeza mimi mwenyewe kwa heshima, hajaniambia. Jirani Mama Sabrin anakusalimu kutoka dirishani kwake. Fundi Bayumi, aliyetujengea nyumba hii, anakusalimu na glasi ya chai mkononi. Bata wazima, wote kumi na mmoja. Nasi tunamsalimu wifi yangu Tahani, na watoto, na yule mjukuu mwenye mashavu. Nakuandikia kwa sababu simu yako, kama kawaida yake, imelala kwenye droo ya wifi.

Kaka, ulituletea zawadi ya harusi. Watu huleta friji, au zulia. Wewe ukatuletea msanifu wa nyumba, Mhandisi Rodina, aje kuichora ile ghorofa ya juu ambako Wagdi na mkewe watakaa baada ya Idi. Nakushukuru sana. Sasa naomba, kwa adabu zote, umchukue.

Hofu yangu unaijua, sikufichi. Nina mtoto mmoja tu. Na mtoto huyo alisema mbele ya baba yake: "Mama, ghorofa yangu ikijengwa kama hizi za chini, mimi na Nesma tutapanga kule mji mpya." Kule jangwani, kaka! Miaka ishirini na sita nondo zimesimama juu ya nyumba hii zikimngoja yeye, halafu aende kukaa na mchanga? Kwa hiyo nikakubali msanifu aje. Sikujua nimekubali nini. Haya hapa makosa yake, nimeyapanga kwa namba ili usiseme dada yako anapayuka.

Kosa la kwanza. Anauliza. Siku ya kwanza hakugusa hata tofali. Alikaa na daftari akauliza nani anaamka mapema, viatu vinavuliwa wapi, Wagdi hulala upande gani. Nikamwambia, "Binti yangu, umekuja kujenga au umekuja kuposa?" Akacheka, na hilo nalo akaliandika. Fundi Bayumi hajawahi kuniuliza swali hata moja, hata pale alipotakiwa aulize. Ndiyo maana swichi ya taa ya bafuni iko chumbani kwetu. Sasa kuna ubaya gani? Anayeoga humwita aliyelala, aliyelala huamka, watu wa nyumba moja wakazungumza.

Kosa la pili. Hana heshima na vilivyomtangulia. Alipanda ngazi, akajigonga kichwa pale pale wanapojigonga wageni wote. Sisi wenyeji tukifika hapo huinama tukasema bismillahi, na ngazi ile imetufunza unyenyekevu kuliko darasa. Yeye akatoa futi kwenye mkoba, akapima, akasema, "Mama, hapa pamepungua sentimita ishirini na mbili." Jambo tulilolijua kwa paji la uso yeye amelitia kwenye namba! Baba Wagdi, aliyekuwa akijigonga hapo tangu ana nywele, akasema, "Kumbe si mimi niliyezidi urefu!" Tangu siku hiyo anamtazama Fundi Bayumi kwa jicho la pembeni. Urafiki wa miaka ishirini na sita umevunjwa na futi.

Kosa la tatu ni kabati la vioo. Unajua mwenyewe, mama yake Nesma ameanza kukusanya vyombo vya bintiye tangu binti hajaota meno ya ukubwani. Glasi sabini na mbili, seti tatu za chai, sahani zenye ukingo wa dhahabu. Vyombo hivyo kazi yake ni kusimama sebuleni nyuma ya kioo na kufutwa vumbi kila Idi, basi. Huyu Rodina akamuuliza Nesma, "Unavipenda?" Nesma akasema, "Navipenda sana." "Basi kwa nini usivinywee?" Kaka! Bibi harusi akinywea glasi zake mwenyewe, wageni watakuja kutazama nini? Kisha akachora kabati ndani ya ukuta baina ya sebule na jiko, lenye milango pande zote mbili, ili glasi itoke huku ikaoshwe kule. Mama yake Nesma alipouona mchoro alikaa chini kwanza. Halafu akasema ni zuri. Hilo ndilo lililoniuma. Mimi na mama yule hatujapata kukubaliana, na safari hii nilikuwa nimemtegemea.

Kosa la nne nilikuwa nalo wakati nageuza samaki, sasa limenitoka. Likirudi nitaliandika pembeni.

Kosa la tano. Mchoro wenyewe. Kila chumba amechora kipande cha tikiti maji. Nikamuuliza, "Hawa watu watakula tikiti bafuni?" Akaniambia huo ni mlango, Mama, na upinde ule ni njia unayopita mlango ukifunguliwa. Yaani mlango anauchora unatembea! Mlango wetu wa jikoni unagonga friji, tumezoea, mwenye njaa hufungua nusu akajipenyeza. Yeye anataka kujua mlango utagonga nini kabla mlango wenyewe haujazaliwa. Mimi naona huko ni kuchungulia ghaibu, na nilitaka kumuuliza sheikh, Baba Wagdi akanizuia.

Kosa la sita ndilo kosa, kaka, hayo mengine yalikuwa ya kulisindikiza. Amechora jiko. Si kona ya kuchemshia chai, ni jiko zima, lina dirisha la upepo na meza ya watu wanne. Nimevihesabu viti mara mbili. Mtoto mwenye jiko kama lile atashuka kula kwangu kwa lipi? Atashuka Ijumaa kwa Ijumaa, kama mgeni, na mwisho atabisha hodi. Nilimweleza Fundi Bayumi, akaweka glasi chini akaniambia, "Mama Wagdi, niachie mimi. Nitawajengea jiko la upana wa mkono. Njaa itawashusha wenyewe." Huyo ndiye fundi anayeujua moyo wa mama.

Kwa sababu hizo naomba mambo matatu. Kwanza, Mhandisi Rodina arudi kwao na futi yake. Pili, utoe kauli katika ukoo wetu kwamba msanifu haruhusiwi kumuuliza mtoto wa mtu anapenda nini kabla hajamuuliza mama yake anaogopa nini. Tatu, ukimjua mkubwa yeyote serikalini, umwombe vyuo vinavyofundisha kazi hii vifungwe kidogo, mwaka mmoja tu, mpaka kinamama tuwe tumepumua.

Na kwa kuwa uko mbali na mambo hayangoji, kauli yako nimeshaanza kuitekeleza kabla hujaitoa. Jana nilimpigia simu nikamwambia, "Haji Mitwali anasema usije tena." Akasema, "Sawa, Mama, Mungu awape heri." Sauti yake ilipoa. Nusura nimwambie ngoja. Kesho asubuhi Fundi Bayumi anaanza, bila karatasi.

Nisikuchoshe. Wasalimie wote waliokula chumvi yenu na wote wanaotuuliza hali. Nakuombea afya na miaka mingi.

Mdogo wako,
Inshirah, Mama Wagdi

Nyongeza, Alhamisi mchana.

Kaka, hayo ya juu usiyasome. Kama umeshayasoma, yasahau.

Fundi Bayumi alikuja saa moja asubuhi, akapanda juu na Wagdi. Wagdi alimwonyesha mchoro, Bayumi akasema, "Mchoro uko humu," akajipiga kifuani. Akang'oa kile kiguzo kinachoshika paa la ngazi, akasema ukuta utabeba. Akaujenga ukuta pale pale ngazi inapoishia, yeye akiwa upande wa ndani na mwanangu akimpa matofali, ukuta mzuri kabisa, kutoka sakafuni mpaka juu. Mlango alisema tutautoboa baadaye. Baadaye imefika. Sasa hathubutu kutoboa, maana hajui tena ni kipi kimebeba kipi, na ametuomba tusipige chafya ngazini.

Mwanangu yuko juu ya kichwa changu na hawezi kunishukia. Nimewapandishia mchuzi wa mulukhiya kwa kikapu na kamba, mtaa mzima ukinitazama. Nikamwuliza kama imetosha chumvi, akaniitikia kutoka juu, "Imetosha, Mama, ila mlango haupo!" Mama Sabrin alicheka mpaka akashika dirisha. Mimi nilirudi ndani nikala peke yangu na Baba Wagdi, na chakula hakikushuka.

Wagdi amempigia Mhandisi Rodina. Binti hakumkaripia. Alisema, "Aliyenituma ni Haji na aliyenikataza ni Haji. Haji akisema nije, nakuja leo hii." Basi mwambie, kaka. Mwambie kauli ile haikuwa yako, ilikuwa ya mama mmoja mwoga wa Zifta, na anaomba radhi. Aanze na mlango. Jiko alijenge kubwa apendavyo. Mtoto akishiba kwake kisha akateremka kunijulia hali, mimi nataka nini tena? Na akimaliza huko juu, anipitie na mimi huku chini. Maswali yake nitayajibu yote.

Barua hii anakuletea mkwe wa Mama Sabrin, anapanda treni ya saa nane, ameapa kukukabidhi mkononi. Leta jibu upesi, kaka. Kamba ya kikapu imeanza kuchakaa, na Fundi Bayumi akiwa juu anakula mara mbili ya alivyokuwa akila chini.