Naomba Ulirudishie Gari la Mume Wangu Ugonjwa Wake

Kwako mheshimiwa mdogo wangu, Fundi Waya,
Karakana ya nyuma ya stendi.

Salamu hizi zikukute mzima, na mikono yako iwe salama, ingawa ni mikono hiyo hiyo iliyonitia mashakani.

YAH: KUPONYA GARI BILA KUMWULIZA MKE

Mimi ni mke wa yule mzee mrefu aliyekuletea gari kuukuu la kijani, alilorithi kwa baba yake kabla hatujaoana. Bila shaka unalikumbuka. Nyaya zake zilikuwa zimevaa kitambaa kilichooza, taa zilimulika kama macho ya mgonjwa, na petroli ilifika kwenye injini ilipojisikia. Kila Jumamosi mume wangu aliinama ndani ya boneti tangu asubuhi, akisugua platini za kutoa cheche na kupuliza kabureta, nami nikawa na amani yangu. Kisha ukaja wewe. Ukabadilisha nyaya zote, ukang'oa dainamo ukafunga altaneta ya kuchaji betri, ukatupa platini, ukaweka pampu ya umeme kule karibu na tangi. Sasa ukigusa ufunguo tu, linawaka. Kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mikono ya mume wangu imekosa kazi, imehamia ndani ya nyumba. Alianza na pasi. "Mama watoto, nyaya hizi zimechoka," akasema, akaifungua. Haijafungika hadi leo. Akaingia kwenye swichi za sebuleni, na sasa mgeni akibonyeza kengele ya mlangoni, feni inazunguka. Tukisikia baridi tunajua tumetembelewa.

2. Gari bovu lilikuwa udhuru wa heshima. Wifi yangu mkubwa alipotualika, tulijibu kwamba gari linaumwa, naye akatuombea dua. Sasa habari zimemfikia. Kila Jumapili tuko kwake, na kila Jumapili ananifundisha kukata kabichi. Nina wajukuu, Fundi.

3. Majirani. Zamani gari likigoma, mshonaji alitoka upande huu na muuza mkaa upande ule, na ingawa walikuwa wamenuniana kwa sababu ya ukuta wa mpakani, walisukuma bega kwa bega. Mtu hawezi kusukuma gari huku amenuna, pumzi hazitoshi. Tangu ulitengeneze, hawana pa kukutana. Juzi wameshtakiana kwa mwenyekiti wa mtaa. Wakifikia kutoana damu, nitasimama mbele ya watu niseme chanzo ni altaneta.

4. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mume wangu ameanza kuongea nami. Nilikuwa namenya vitunguu, akavuta kiti, akakaa, akauliza, "Unawaza nini?" Fundi, tumezaa, tumelea, tumeozesha, na swali hilo sijawahi kuulizwa. Nikamjibu, "Nawaza vitunguu." Hakuondoka. Alitega sikio, akasubiri, kama anayesikiliza injini. Nilikosa pa kuweka macho. Nimezoea kuuona mgongo wake; uso wenyewe siujui vizuri, na kwa umri huu naona haya kuanza kutongozwa na mtu ninayemfulia soksi.

Kwa hiyo naomba ulirudishie gari ugonjwa wake. Siombi makubwa. Ile mipira mipya ya mafuta iache, maana ulisema ya zamani ilikuwa imepasuka na ingeweza kuliunguza gari na yeye ndani, nami ujane siutaki. Nataka ugonjwa wa wastani tu: waya uliolegea mahali pagumu kuonekana, uchafu kidogo kwenye kabureta, kitu cha kumshughulisha mpaka jioni bila kumkatisha tamaa. Kama roho inakusuta kuharibu kazi yako mwenyewe, nielekeze mimi niharibu. Bisibisi ninayo.

Nisalimie mkeo, nisalimie mama yako, na wale wote wanaokalia matairi hapo karakanani wakingoja kazi ambayo hawaitaki.

Ni mimi dada yako mwenye masikitiko,
Mke wa Mzee wa Gari la Kijani

Baada ya sahihi: Nilikuwa natafuta bahasha mume wangu alipoingia na ufunguo. "Vaa viatu, twende." Nikamwuliza wapi. "Popote." Tulipanda kile kilima cha nyuma ya mji ambacho, enzi za uchumba wetu, gari lilitufia kwenye kona ya kwanza tukarudi kwa miguu. Safari hii halikukohoa hata mara moja. Kumbe ndani ya gari watu hawatazamani. Wote mnatazama barabara, na maneno yanatoka yenyewe. Akaniuliza tena ninawaza nini. Nilisema mpaka tukafika kileleni, nikasema wakati wa kushuka, naye kwa kusikiliza akaipita njia ya nyumbani. Basi, mdogo wangu, usiguse hata skrubu. Ila atakuja kukuomba umfungie redio. Tafadhali mwambie redio zimekwisha.