Mayai ya Mama na Bodi Yangu ya Shaba

Jumamosi, 5 Julai 2025

Msiba! Kicheche amemla Mchungaji usiku wa kuamkia leo. (Kama kuna mtu atakayesoma shajara hii nikishakuwa maarufu: Mchungaji ni kuku. Tulimwita hivyo kwa sababu ya manyoya meupe shingoni.)

Alikuwa wa mwisho katika mbegu ya kuku wa marehemu mama. Dada yangu Silantoi, ambaye ninaishi kwake hapa Sakina kwa muda tu, mwaka wa tatu sasa, amelia kama aliyefiwa na mtu. Mama alishuka na kuku hao kutoka kijijini wakiwa ndani ya kikapu, akawalea mpaka siku alipolazwa. Hakutuachia shamba wala nyumba. Alituachia kuku.

Yamebaki mayai tisa kwenye beseni la pumba. Silantoi akasema atayapeleka kwa mama Pudensiana, wa mtaa wa Kwa Mrombo, ambaye ana kuku aliyeanza kuatamia. Nikakataa kabisa. Mayai ya mama chini ya kuku wa watu? Akiyakanyaga je? Nikamwambia nitatengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga. Tena si ya kuunganisha vipande vya dukani! Bodi ya umeme nitaichora mwenyewe, nitaichonga mwenyewe, nitailehemu mwenyewe. Nimeshatazama video.

Akauliza kama nimewahi kutengeneza bodi. Nikamjibu kwamba hata aliyetengeneza ya kwanza duniani alikuwa hajawahi. Akainama, akaanza kuyafunika mayai kwa pumba. Nadhani nilimgusa.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Mji umelala, lakini Mzee Jasmeet alikuwa amefungua nusu ya mlango wa duka lake la vifaa vya redio na umeme. Baba yake aliuza hapohapo kabla yake. Nikampa shikamoo, nikamweleza mpango wangu. Akaingiza mkono chini ya kaunta, akatoa kidude kidogo cha kupimia joto, kiko tayari, ni kufunga waya na kuwasha. Akasema watu wa kuku wote wa Tengeru wanachukua hicho.

Nikakisukuma kikarudi upande wake. Kwa kweli nilimwonea aibu. Nikataka vitu vya fundi: kipande cha bodi chenye shaba, chipu, rezista ya kupunguza umeme, kihisi joto, swichi ya kuwashia taa, waya wa risasi wa kulehemia, na chupa ya dawa ya kula shaba.

Alinifungia, huku akinipa maonyo. Eti mchoro ukibandikwa kwa pasi hutokea kinyume, kama uso kwenye kioo, kwa hiyo niugeuze kabla ya kuuchapisha. Eti dawa ile nisiimimine kwenye sufuria hata kwa bahati mbaya, nitumie plastiki. Akarudia yote mawili. Nikaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee. Uzee una maneno mengi.

Jumanne, 8 Julai

Nimechora. Mchoro safi! Njia za shaba zinapinda kwa adabu, na pembeni nimeandika jina langu, KISIOKI, kwa herufi kubwa, ili vizazi vijue.

Video ilitaka karatasi ya kung'aa. Sikuwa nayo. Nikachana Desemba kwenye kalenda ya ukutani ya Silantoi. Desemba bado mbali. Nikaenda kuchapisha nyuma yake kwa yule dada wa fotokopi. Akauliza nataka iwe imegeuzwa au hivihivi. Hapo nikakwama. Mzee Jasmeet alisema niigeuze, au alisema inajigeuza yenyewe? Kama inajigeuza yenyewe, mimi nihangaike ya nini? Nikamwambia hivihivi.

Nikaibandika kwa pasi ya nguo juu ya meza ya chakula. Wino umeshika shaba vizuri sana. Kitambaa cha plastiki cha mezani nacho kimeshika pasi vizuri sana. Nimeweka maua juu ya alama.

Jumatano, 9 Julai

Mabeseni yote ya plastiki yalikuwa na nguo zilizolowekwa. Nikasema dawa ni ya dakika chache tu, sufuria haitajua. Nikachukua ile ndogo ya alumini.

Ilichemka. Bila moto! Ikatoa moshi na povu la kahawia na harufu ya kukaba koo. Nikakimbilia nje na kuku wa jirani wakakimbia nami. Niliporudi, dawa ilikuwa sakafuni na sufuria ina tundu la kupitisha ngumi. Kilichobaki kwenye chupa nikakimimina kwenye kopo la plastiki la siagi, nikatikisa bodi humo polepole kama nabembeleza mtoto. Shaba isiyotakiwa ikaondoka, njia zangu zikabaki ziking'aa. Nilifurahi mpaka nikasahau sakafu.

Silantoi aliporudi kutoka sokoni akainua ile sufuria, akanitazama kupitia tundu. Akasema ndiyo aliyokuwa akichemshia maziwa ya loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa. Nikamwahidi nyingine, kubwa zaidi, vifaranga wakishakua. Akauliza mayai yanaweza kungoja mpaka lini. Nikasema kesho kutwa yataingia mashineni. Akayageuza moja moja kwenye pumba, kama mama alivyokuwa akifanya.

Alhamisi, 10 Julai

Balaa. Jina langu linasomeka kuanzia nyuma. Bodi nzima imetoka kinyume, na miguu ya chipu haiendi kwenye njia zake.

Yona akapita. Huyu Yona anatengeneza simu kwenye kibanda pale barabarani, tulisoma darasa moja. Yeye alifeli fizikia. Mimi pia nilifeli, lakini kwa kuwaza mbali. Akaitazama bodi, akasema haijaharibika, nipandishe vitu vyote upande wa shaba, kila kimoja kigeuke pamoja na wenzake, mambo yatakwenda. Akasema vyote, mwanangu, usije ukageuza kimoja ukaacha kingine.

Nifuate maelekezo ya Yona? Halafu mtaa mzima usikie mashine ni ya Yona? Nikageuza chipu peke yake. Vingine nikavipachika kama nilivyovichora, kushoto kushoto, kulia kulia. Mbunifu nani hapa?

Kulehemu kwenyewe ni kazi ya roho. Nimeungua kidole gumba na cha shahada. Matone yangu ya risasi ni makubwa na meusi kama mavi ya mbuzi. Kwenye video yalikuwa madogo na yanang'aa, lakini wale wana vifaa.

Ijumaa, 11 Julai

INAFANYA KAZI! Nilikishika kihisi kwa vidole viwili, kikapata joto la mwili wangu, na taa ikawaka palepale! Nikaachia, ikapoa, taa ikazima. Nikashika, ikawaka. Inasikia joto! Nilipiga kelele mpaka Silantoi akatoka na mwiko.

Na Yona naye akatokea, maana hawezi kukosa. Alitazama taa inawaka na kuzima, akakunja uso. Akauliza, kaka, sasa taa si ndiyo inayotia joto? Ikishapata joto si ilitakiwa izime? Nikamwambia awahi kibandani, wateja wanamsubiri. Wivu ni ugonjwa. Aliondoka akitikisa kichwa.

Kesho asubuhi mayai yanaingia. Nimepata boksi jeupe la samaki, lile la povu la plastiki, nimefunga taa ndani. Nikimaliza hii, natengeneza za kuuza mpaka Tengeru.

Jumamosi, 12 Julai

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Silantoi aliyapanga mayai mwenyewe, juu ya khanga ya mama aliyoikunja mara nne. Akasema kitu kwa Kimaasai, taratibu, si kwangu. Nilisikia neno yeyo tu, yaani mama. Kisha akanigeukia akauliza kama nina uhakika. Akasema nikiwa na wasiwasi hata kidogo nimwambie, boda ipo hapo nje, atayapeleka kwa mama Pudensiana sasa hivi, hatakasirika.

Nikasema nina uhakika. Akaniamini. Afadhali asingeniamini.

Taa haikuwaka. Boksi lilikuwa na baridi, na mashine imelala. Nikafikiri ni mvivu wa kuamka kama mwenye mashine. Nikaingiza chupa ya maji ya moto kuiamsha. Ikawaka! Nikafunga kifuniko, nikamkataza kila mtu kufungua, joto lisitoke. Silantoi akaenda sokoni na uso wake umetulia. Mimi nikakaa kando ya boksi na kiti, nikilinda, nikipanga bei ya mashine za Tengeru.

Ikaja harufu nzuri. Nikadhani kwa jirani wanapika. Nikaona njaa, nikaenda kununua chapati, nikarudi, harufu imezidi, na boksi limeinamia upande mmoja kama mlevi. Kifuniko kilikuwa kimeyeyuka kwenye ncha. Taa ilikuwa inawaka kwa nguvu zake zote. Kadiri joto lilivyopanda, ndivyo ilivyozidi kung'ang'ania kuwaka. Nilikuwa nimetengeneza mashine inayozima kukiwa na baridi na kuwasha kukiwa na moto. Haikukosea hata mara moja.

Silantoi alinikuta nimepiga magoti. Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alitoa yai moja, likamuunguza, akalihamisha mkono hadi mkono. Akalimenya. Lilikuwa limeiva kabisa, jeupe, zuri. Mawili yalikuwa yamepasuka na kulowesha khanga.

Akachukua sahani mbili. Akasema chakula cha mama hakitupwi. Tukakaa mezani, pale kwenye maua, tukala mayai ya mama. Yeye alikula akitazama mlango. Mimi nilikula la kwanza, la pili sikuweza kuligusa. Nimemkosea dada yangu, nimemkosea na mama, na hakuna wa kumwomba msamaha kati yao anayetaka kunisikia leo.

Jumapili, 13 Julai

Yona kaja. Nilijiandaa acheke. Hakucheka, alitoa pole, na hiyo iliuma kuliko kicheko. Akaomba kuiona bodi. Akaweka ukucha mahali pawili. Kihisi kimekaa pa rezista, rezista imekaa pa kihisi. Kugeuza chipu peke yake ndiko kulikoleta kinyume. Akasema ningevibadilishia nafasi tu hivyo viwili, mashine ingekuwa nzuri.

Dakika mbili za kazi. Ijumaa alikuwa amesimama palepale, na mimi nikamfukuza.

Jumatano, 16 Julai

Silantoi ananipikia kama kawaida. Chai anaimimina vikombe viwili. Ila haniiti tena, kikombe changu anakiweka tu mezani, kinapoa mpaka nikione mwenyewe.

Nilikwenda Kwa Mrombo kwa mama Pudensiana, kuuliza kama labda zamani mama alimpa hata kuku mmoja wa mbegu ile. Hakumpa. Akanionyesha kuku wake bandani. Alimtengea kiota tangu aliposikia habari za kicheche, na kuku bado anakikalia, kitupu, ametutumua manyoya, ananguruma ukimsogelea. Mama Pudensiana akasema alingoja mayai mpaka Jumamosi jioni. Nikashindwa kuaga vizuri.

Nimefunga vifaa vyote kwenye mfuko wa plastiki wa Rambo na kuuingiza chini ya kitanda. Basi. Sitashika tena kitu cha umeme cha mtu yeyote. Naandika hapa iwe ushahidi: Kisioki ameacha.

Jumapili, 20 Julai

Kuna mwanga! Jana jioni Silantoi alifungua sanduku la nguo za mama na kutoa redio kaseti. Sikujua kama bado ipo. Ndani yake mna kanda, mama anaongoza wimbo kwenye kwaya ya akina mama, miaka mingi kabla hajaanza kuumwa. Hakuna nakala nyingine. Tulikaa wote wawili tukasikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile alinisemesha. Akacheka mama alipokohoa katikati ya ubeti. Akalia. Mimi nililia pia, sioni aibu kusema.

Kasoro ni moja tu. Ubeti wa pili sauti inazama, mama anakuwa mzito kama mwanamume. Silantoi akasema hivyohivyo anaipenda, na Jumatatu ataipeleka kwa Mzee Jasmeet aihamishie kwenye simu. Akaniambia nisiiguse. Alisema hivyo akinishika mkono, kwa upole kabisa.

Sasa yuko kanisani, leo kuna mnada wa sadaka, watachelewa kutoka. Na mimi nimewaza. Mzee Jasmeet mikono yake inatetemeka siku hizi. Apewe kitu cha thamani hivi? Tatizo lenyewe ni mota tu, mtu yeyote anayejua bodi ataliona. Nilikosea mayai kwa sababu nilianza na kitu kigumu. Hapa kazi ni ya waya mbili.

Nimeshafungua mgongo. Kanda ilijivuta kidogo nilipokuwa natoa kifuniko, nimeizungushia kwenye penseli isipotee. Akirudi nitamkalisha, nibonyeze, amsikie mama akiimba kama yuko sebuleni. Lazima atanisamehe. Pasi ya kulehemu imeshapata moto.