Mmalizaji Wangu na Vifurushi vya Watu

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Nimefungwa tena kwenye kadi. Mara ya saba mfululizo! Thuwaiba, binti wa ami yangu, muuza dawa, mtu wa kuhesabu vidonge, ameniangusha kabla kahawa yangu haijapoa. Kwa siafu, nyigu na panya! Katika kadi zake zote hana mnyama hata mmoja wa heshima.

Mimi nacheza seti ya kuzuia. Ni mchezo wa watu wenye akili. Kila mnyama anayemweka mwenzio unamuua au unamrudisha, mpaka mwenzio abaki mikono mitupu. Hapo unamshusha mnyama wako mmoja mkubwa, mmalizaji, akamalize kazi. Tatizo langu ni huyo mmalizaji. Sijampata.

Na Ijumaa ndiyo siku yenyewe. Kilabu cha kadi cha Dar kinamwalika mchezaji mmoja kutoka kisiwa chetu cha Mafia, tiketi ya ndege juu yao. Hapa Kilindoni tunacheza wanne. Wawili wametolewa, tumebaki mimi na yeye, na Ijumaa tunaamua.

Lakini nimepata hila. Nilipotoka msikitini nimewaaga watu wote. Wiki ijayo nasafiri, nikawaambia, naenda mashindanoni. Thuwaiba akisikia mji mzima unanitakia safari njema, atakata tamaa mwenyewe.

Jumapili, 3 Agosti

Joka la Moto. Linahitaji nguvu nane kulishusha, na nguvu huongezeka moja kila zamu. Likipiga mara tatu, mtu kwisha. Nimelijaribu kinyozini kwa Hemedi, ambaye ndiye mwenye meza na ndiye refa. Zamu ya nane nikalishusha, nikasimama kabisa kwa fahari. Hemedi akatoa kikadi cha nguvu mbili, joka likafa. Akarudi kumnyoa mteja wake.

Kisha akanikumbusha kanuni. Ikiadhiniwa Magharibi, kadi chini, mwenye pointi nyingi za uhai ndiye mshindi. Kana kwamba siijui! Niliileta mimi mwenyewe mwezi wa Rajabu, siku niliyokuwa nakaribia kufungwa. Wote walinisifu kwa ucha Mungu.

Nyumbani nimekuta kifurushi mlangoni. Ng'onda, samaki wakavu wa Bi Mwamvita wa Jibondo, nimpelekee dada yake Temeke. Nilisahau kwamba kwetu anayeaga ndiye anayebeba. Moza, mke wangu, ameuliza ni safari gani. Nimemwambia ni hila. Amekichukua kifurushi, akakiweka juu ya kadi zangu.

Jumatatu, 4 Agosti

Shetani wa Shimoni. Nguvu tano tu! Ila kila zamu sharti umlishe mnyama wako mmoja, ukikosa anakula wewe. Seti yangu haina mnyama mwingine. Sikuliona hilo mpaka aliponila.

Moza ameikuta kadi yake mezani, pembe saba na ulimi nje. Kasema kitu hicho hakilali katika nyumba ambayo watoto wanasoma Kurani. Amekipeleka jikoni nje, karibu na mafiga. Sasa kimebaki na pembe tatu.

Vilivyoletwa leo: korosho, pweza mkavu, na gunia la mihogo kutoka kijiji cha Kanga ambalo mwenyewe simjui. Nyumba inanuka kama soko la samaki. Nimechoka.

Jumatano, 6 Agosti

Alhamdulillahi, nimempata! Kobe wa Kale. Nguvu sita. Hauawi wala harudishwi. Anapiga polepole, pointi mbili kila zamu, lakini nani atamzuia? Nimemchorea jedwali la bei yake, uimara wake, na kadi zinazoweza kumgusa (hakuna). Nimelipitia mara tatu. Hakuna kilichosahaulika.

Bi Kidawa wa jirani amekuja na jogoo. Nimemwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anamfunga jogoo kwenye mguu wa meza yangu. Ni wa mjukuu wake aliye Mbagala, mtoto ametoka hospitali juzi na hataki kula kitu ila supu ya jogoo wa bibi. Nilitaka kumwambia kwamba bado sijashinda. Akanitangulia, akasema mtoto keshaambiwa kwenye simu kuwa Sabri analeta. Nimekwenda uani nikakaa juu ya ndoo, na aibu niliyoiona haikuwa ya mzaha. Lazima nishinde.

Alhamisi, 7 Agosti

Jogoo amekula korosho za watu.

Ijumaa, 8 Agosti

Sijui niandike nini.

Tumeanza saa kumi na moja. Nilizuia kila kitu! Alinipunguza nikabaki na pointi tatu, lakini nikaua siafu, nikaua nyigu, mpaka mkononi hana kadi hata moja. Kobe akashuka. Pointi za Thuwaiba kumi na nane, kumi na sita, kumi na nne. Watu waliokuja kunyolewa wakasimama kutazama. Nikaona si vibaya kuwaelimisha. Kila zamu nikawaeleza uzuri wa kuzuia. Nikaagiza kahawa. Nikawa nafikiri sana mahali ambapo hapakuwa na la kufikiri. Thuwaiba akatazama saa yake, akaniambia kwa upole, "Usiwe na haraka, kaka Sabri." Nikadhani ni heshima!

Nane. Sita. Nne. Nikamnyanyua Kobe apige tena, na mwadhini akaanza.

Hemedi akasema kadi chini. Yeye nne, mimi tatu. Pointi moja! Kwa kanuni yangu mwenyewe! Nimeswali Magharibi lakini sijui niliswali nini.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimempelekea Thuwaiba vifurushi dukani kwake. Ndege ni ndogo, kasema, mwisho kilo kumi na tano, na jogoo hapandi. Nikamuuliza yeye kapewa vingapi. Hana hata kimoja. Hakumuaga mtu! Ataaga akirudi.

Nimekwenda kwa Bi Kidawa nimrudishie jogoo. Nilipofika mlangoni nikageuka. Moza amesema mzigo wa mtu ni amana, basi Jumatatu napanda boti ya kwenda Nyamisati, bara, kwa nauli yangu, na gunia la mihogo la mtu nisiyemjua.

Jumanne, 12 Agosti, Mbagala

Jogoo amefika. Mtoto amemshika, amecheka, ameuliza kama mimi ndiye bingwa. Nimesema ndiyo. Nikatoka nje.

Nikapitia kilabuni. Thuwaiba alikuwa wa tatu juzi, kwa panya wale wale. Bahati tupu. Mimi kosa langu sasa nimelijua. Kobe alikuwa mdogo! Nimembadilisha pamoja na kadi zangu zote za bei rahisi, nimepewa Nyangumi wa Giza. Nguvu kumi na mbili kumshusha. Akishuka, pigo moja tu. Nimechora jedwali jipya, nimelipitia mara tatu.

Nimempigia Hemedi awatangazie watu wote wa Kilindoni kwamba mwakani nasafiri. Wenye ng'onda waanze kuanika.