Meneja Mpya wa Mfuko wa Matibabu

Mtaani walimwita Ulimi, na kweli ulimi wake ungeweza kumuuzia samaki maji.

Asubuhi moja, akinywa chai ya mkopo kibandani, aliwasikia wanawake wa sokoni wakilalamika. Mfuko wao wa matibabu, ambao kila kaya ilichangia kidogo kidogo ili mgonjwa asikose dawa, ulikuwa taabani. Meneja ametoroka, wachangiaji wamekata tamaa, na zahanati haipokei mwanachama yeyote mpaka deni lilipwe.

Ulimi akatega sikio. Mfuko usio na mlinzi! Mungu ampe nini tena?

Akaazima tai, akamfuata mwenyekiti, muuza mkaa mmoja mwenye mikono myeusi na macho meupe.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mtaalamu wa mifuko ya afya. Nitawasimamia."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti. Ila kwetu meneja huweka dhamana kwanza. Mwaka ukiisha, anarudishiwa."

Ulimi hakuwa na hata senti. Lakini ukitaka kula, sharti nawe uliwe. Akauza pikipiki yake, akakabidhi fedha zote kwa tabasamu la bwana harusi.

Kesho yake akaja mapema.

"Mama, sanduku la michango liko wapi?"

"Lile pale."

Akafunua. Ndani kuku alikuwa anaatamia.

"Na dhamana yangu?"

"Jana hiyohiyo tuliipeleka zahanati. Deni limekwisha. Mjukuu wangu alikuwa anawaka homa. Sasa amelazwa, ameanza hata kudai uji."

"Huu ni wizi! Naenda polisi!"

"Nenda, baba. Usisahau kuwaambia utaalamu wako uliusomea wapi."

Ulimi akakaa chini polepole. "Hiyo kanuni ya dhamana mliitunga lini?"

"Ulipokuwa unavuta kiti."

Basi ikawa hivyo. Ili fedha yake irudi, sharti mfuko ujae. Na ili ujae, Ulimi alizunguka nyumba kwa nyumba, jua la utosi, akiwabembeleza watu wachangie. Mfuko haukupata kusimamiwa vizuri namna ile tangu uanzishwe. Hata fundi cherehani, bahili asiyetoa hata salamu, alichangia.

"Lakini ndugu," fundi akamshika mkono, "una hakika huu si utapeli?"

Ulimi akamtazama kwa uchungu wa kweli, pengine wa kwanza maishani mwake.

"Kaka, mimi mwenyewe nimeweka humo kila nilichokuwa nacho."