Mkono wa Matonya Katika Kikao cha Hisa

Sogeeni, enyi wa Nzuguni na Makutupora, nanyi mliofika na vumbi la Chemba miguuni. Zimeni simu, tulizeni vikohozi, mpate kusikia habari za Matonya, muosha chupa, simba wa mashine namba mbili, mtu ambaye siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, aliinua mkono.

Palikuwa na kiwanda cha mvinyo, na wenye kiwanda wakaazimia kuwagawia wafanyakazi wao hisa. Wakamtuma Harithi, afisa wa makao makuu, kijana mwenye ulimi wa asali na projekta mpya. Jeshi la kiwanda likakusanywa ghalani, watu sitini na mmoja, wameketi juu ya makreti yaliyopinduliwa.

Harithi akanena, akavuka bahari akiwa amesimama palepale. "Ndugu zangu, kule Marekani hisa za wafanyakazi huwekwa katika mfuko wenye wadhamini, na mtu huchukua chake akiacha kazi au akistaafu. Uingereza wapo wanaoweka akiba kila mwezi, kisha huchagua kununua kwa bei iliyopangwa siku ya kwanza. Zipo kampuni zinazokupa haki ya kununua tu, si hisa yenyewe. Sisi tunawapa hisa bure, nazo zitakomaa baada ya miaka minne. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," likajibu jeshi kwa sauti moja, wala hapakuwa na aliyeelewa.

Matonya alijibu kwa nguvu kuliko wote, kwa kuwa shujaa huyu alikuwa bingwa wa kutikisia kichwa asilolijua. Kwa kichwa hichohicho aliwahi kujikuta msimamizi wa harusi ya watu asiowafahamu. Lakini neno "kukomaa" likamchoma ubavuni. Zabibu hukomaa, hilo alilijua, hisa je? Naye mwakani alikusudia kuacha kazi, akafuge ng'ombe na kaka yake huko Chemba.

Karatasi za kusaini zikaja zikila safu moja baada ya nyingine, kama moto wa nyika. Devota, mbandika lebo aliyeketi kando yake, akashika kalamu.

"Devota," akanong'ona Matonya, "kukomaa ndiyo nini?"

"Saini, kaka. Utatuaibisha."

Ndipo vikaanza vita ambavyo havikuwa na askari ila Matonya na bega lake mwenyewe. Mkono ukaondoka gotini, ukafika kifuani, aibu ikauvamia, ukakimbilia shingoni ukijifanya unakuna. Akajicheka moyoni: mtu wa miaka hamsini na miwili, aliyewahi kumshika fahali pembe, anashindwa na kwapa lake. Akaukusanya tena mkono uliotawanyika. Ukapanda, ukasimama juu ya vichwa vya watu.

"Shikamoo, mzee," akasema Harithi. "Karibu."

"Marahaba." Hotuba yote aliyoitunga ikamtoroka. "Nimesema nimeelewa. Sijaelewa. Mtu akiondoka kabla ya hiyo miaka minne, hisa zake zinakwenda wapi?"

Harithi akaitazama projekta, akaizima.

"Zinarudi kwa kampuni, mzee. Hapati kitu. Akiitimiza ndipo aondoke, kampuni itazinunua kwake. Hilo nilipaswa kuanza nalo."

Devota akaweka kalamu chini. "Na sisi wa mikataba ya msimu?" akauliza. Nyuma yake mikono ikachipua kama mtama baada ya mvua. Mwisho wake Harithi akazikusanya karatasi, akaahidi kuzirudisha Jumatatu zikiwa zimeandikwa kwa Kiswahili cha watu.

Mchana Matonya akampigia kaka yake. "Nitakuja baada ya miaka minne."

"Si ulisema mwakani?"

"Mwakani nitakuwa sijakomaa."

Katika kumbukumbu za kikao, ukurasa wa pili, karani aliandika: "Mfanyakazi mmoja aliuliza swali." Jina hakuliweka. Basi vizazi vijavyo na vijue kutoka kwetu: aliyeuliza ni Matonya, na mkono ulikuwa wa kulia.